Kichomi na Maua ya Mikorosho

Nilipokuwa mtoto, nilichokichukia kuliko nimonia yenyewe kilikuwa kupona. Homa iliniacha nikiwa bado nimelazwa Newala mjini, nikarudishwa kwetu Makote nikidhani kesho yake nitakuwa shuleni nacheza rede. Wapi! Koo liliwasha, kifua kilibana, na nikicheka kidogo tu kikohozi kilinikaba mpaka machozi yakanitoka. Daktari alikwisha kumwambia mama kwamba kikohozi cha namna hiyo huchelewa kwisha, tuwe na subira.

Subira sikuwa nayo, na aliyenilea siku hizo alikuwa Bibi, mzaa mama. Yeye hakuiita nimonia. Kwake kilikuwa kichomi, na kichomi, alisema, hakiondoki, kinalala tu. Alininywesha maji ya uvuguvugu yenye asali na tangawizi, akanisugua kifua kwa mafuta ya ufuta, akanilaza nimeegemea mito ili nipumue. Hayo yalinipa nafuu kweli. Kilichonichosha ni mwiko wake. Ilikuwa kipupwe, mikorosho imechanua, na Bibi aliamini kwamba aliyetoka kuugua kichomi akipita chini ya maua yale, kichomi kitaamka.

"Mpaka lini, Bibi?"

"Mpaka maua yapukutike."

"Na shule je?"

"Shule haina miguu. Utaikuta."

Nikashinda uani kama kuku aliyefungwa kamba, nikisikia wenzangu wakipita. Nililia kwa hasira, na kulia kwenyewe kukaniletea kikohozi.

Mama naye uvumilivu ukamwishia. Mtihani ulikuwa unakaribia. "Mama, maua hayaumi mtu," alimwambia Bibi. Asubuhi moja akanivisha sweta, akanishika mkono, tukatoka. Njia ya shule ilipita katikati ya mikorosho ya mjomba, na mjomba alikuwa anaipulizia kwa mashine salfa, ile dawa ya unga ya kuzuia ukungu. Kazi hiyo hufanywa mapema, kabla upepo haujaamka, kwa hiyo vumbi la njano lilitanda tu chini ya matawi. Mtu wa kwingine angeziba pua na kupita mbio. Sisi tulisimama, maana mjomba hapitwi hivihivi.

"Shikamoo, Mjomba!"

"Marahaba! Mama Somoe, mgonjwa amepona?" Akazima mashine, akataka kujua nimelalaje, nimekula nini, kikohozi kikoje. Mama akajibu yote. Nami nilijibu, mdomo wazi, kama mtoto mwenye adabu.

Shuleni sikufika. Kifua kilianza kulia filimbi, hewa ikawa haiingii, na mama akanibeba mgongoni akikimbia kurudi nyumbani. Nakumbuka alivyokuwa akisema, "Pumua, Somoe, pumua." Nikalazwa tena, na safari hii niliogopa kwamba sitatoka.

Bibi alipokuja wodini alisema neno moja tu: "Nilisema." Tangu siku hiyo mama naye akawa anawakataza watoto wa watu kupita chini ya maua, na habari yangu ikasimuliwa mpaka Tandahimba. Juu ya lile vumbi hakuna aliyeuliza.

Mwaka huu nimonia imenipata tena, sasa nikiwa mtu mzima naishi Masasi. Nimerudi kwenye maji ya uvuguvugu na mito, na kwenye kero ileile ya koo linalowasha kila nikitaka kusema. Daktari aliniuliza kama kuna moshi au vumbi nyumbani, kisha akaongeza, "Na salfa je?" Aliuliza kama anayeuliza jambo dogo.

Mimi nilikuwa tayari namfikiria Bibi. Kila kipupwe yeye ndiye aliyemjazia mjomba mashine, akichota salfa kwa kopo, uso wazi. Hakuwahi kuugua kichomi, basi aliona maua hayana ugomvi naye. Miaka yake ya mwisho alikohoa usiku kucha, na sisi tukasema ni uzee. Sisemi salfa ndiyo iliyomuua. Sijui, na hilo la kutojua linaniudhi kuliko kikohozi hiki. Ninachojua ni kwamba alinifungia mimi ndani, akajifunga khanga kiunoni, akabeba mfuko wa salfa kwenda shambani, na katika ukoo mzima hakutokea hata mmoja wa kumwambia, "Bibi, leo kaa nyumbani."