Kifungo cha Sajini

Mtaa mzima humwita Mama Sindano. Sare za polisi wa kituo cha jirani zote zimepita kwenye cherehani yake, naye alikuwa akijigamba: "Wale ni wanangu. Nikiita tu, wanakuja."

Na kweli, siku mkwewe alipomfungia binti yake ndani na kumpiga, mama alikimbilia kituoni pekupeku, na sajini akaja mbio. Alimkuta mwanamume ametulia kwenye kochi, mpole kama si yeye. Binti alikuwa amejibanza jikoni, jicho limevimba.

"Mtie pingu, mwanangu," mama alimsihi.

Sajini akachungulia nje. Uani majirani walikuwa wamejaa tele.

"Mama, nikimtoa mkweo na pingu mbele ya watu wote hawa, aibu ni yako. Mimi nakuheshimu. Waache wayamalize wenyewe."

"Aibu nitaibeba! Mchukue!" Mama alimng'ang'ania shati kifuani mpaka kifungo kikang'oka. Sajini alijinasua taratibu, akamwonya mkwe kwa kidole, akaenda zake.

Jua halijazama, mayowe yakaanza tena. Mlango ulikuwa umekomewa kwa ndani. Majirani walipouvunja, binti alikuwa ameshanyamaza.

Sajini alirudi, safari hii na pingu mkononi. Alipoona maiti, alimgeukia mama.

"Mama yangu, mbona hukuniita?"

Mama alimtazama kifuani, pale uzi ulipobaki unaning'inia bila kifungo.

"Nilikuita, afande," alisema. "Ukaja."