Sinki la Mama Redempta

Mwaka 1994, bidhaa za kila aina zilipokuwa zikimiminika kutoka Tunduma, Felisian, fundi baiskeli wa Sumbawanga, alimnunulia mkewe sinki la choo cha kukaa. Hellena alikuwa ameumia nyonga, hakuweza tena kuchuchumaa bila kulia.

Miezi ya mwanzo alilifurahia kweli. Lakini maji waliyomwagia yalikuwa ya kisima, mazito kwa chokaa na kutu. Doa la kahawia likaanza kama uzi, likanenepa, likagandamana kama ukoko wa ugali. Hellena akarudi kwenye choo cha shimo, nyuma ya migomba, akijikongoja na fimbo katika tope.

"Mama Redempta, utaanguka!" Felisian akamwonya mkewe.

"Bora nianguke. Jumuiya wakija kusali hapa, wakijua nakalia lile sinki, watasema sijawahi kushika ufagio tangu nizaliwe."

Wiki ile akateleza kweli. Hakuvunjika, ila ilibidi Felisian amwinue.

Kesho yake Felisian akajifungia chooni na majivu na mchanga, akasugua kama alivyomwona mama yake akisugua masufuria. Akasugua hadi viganja vikawaka moto. Doa halikutikisika, kilichotoka ni mng'ao wa sinki.

Hellena akasukuma mlango. "We mwanamume, unataka kulitoboa?"

"Nimeliharibu," akasema Felisian, amepiga magoti kama mtoto anayesubiri fimbo.

Hellena akacheka mpaka akashika ukuta. "Miaka thelathini napika pombe ya ulezi kwa maji ya kisima hichohicho! Pipa langu lina gamba hilihili. Umewahi kuniona nikilisugua? Pombe iliyochacha ndiyo hulibandua. Ungeniuliza, ungepungukiwa nini?"

"Nilitaka ukute limeshatakata."

Hellena akaacha kucheka. Akamwelekeza taratibu. Kwanza Felisian akachota maji yote yaliyotuama sinkini, kwa kopo kisha kwa kitambaa, maana yangeizimua dawa. Halafu akamimina pombe iliyochacha wiki mbili, kali kuliko siki, na kubandika vitambaa vilivyolowa pombe hiyo pale doa lilipopanda ukutani mwa sinki. Wakaacha tangu asubuhi mpaka alasiri.

Ule ugwadu wa pombe uliila chokaa. Felisian alipolikwangua gamba kwa kijiti cha mti, likabanduka vipande vipande. Duara la mwisho lilitaka siku mbili zaidi, na kila asubuhi alibadilisha vitambaa mwenyewe.

Siku ya tatu akamwaga ndoo nzima ya maji. Sinki likawa jeupe, isipokuwa mikwaruzo ya mchanga.

Hellena akaliinamia, akalikagua. "Mikwaruzo hii nitawaambia wanajumuiya ni ya mume wangu."

"Waambie."

Akaegemeza fimbo ukutani.

"Nikushike ukae?" akauliza Felisian.

"Toka, Baba Redempta. Na ufunge mlango."