Ng'ombe Waliogeuka Gari

Gari la marehemu mume wangu halikuwa la kwenda shambani wala la kubeba maharage, na hilo ndilo lililowauma watu. Lilikuwa gari la mbio, la milango miwili, limelala chini, jekundu enzi zake, na nyuma lilikuwa na bawa ambalo kuku wangu walilipenda kuliko viota vyao. Hapa Tarime mtu mwenye akili hununua pikapu. Mume wangu alikuwa na akili, ila alizitumia siku za kazi tu.

Aliliona kwa mfanyabiashara mmoja kule Sirari, akarudi nyumbani hataki kula. Alikuwa mchuuzi wa ng'ombe, mtu wa minada, lakini wakati huo wake mwenyewe walikuwa wameuzwa wote. Waliobaki zizini nyuma ya nyumba yetu ya Nkende walikuwa mitamba wa mahari ya binti yetu. Mimi sikujaliwa mtoto mwingine. Na kwetu Wakurya, ng'ombe wa mahari ya binti ni wa nyumba ya mama yake. Mume wangu alikuwa na nyumba mbili, yangu hapa mjini na ya mke mwenzangu kijijini, na mwanaume hawezi kuchukua ng'ombe wa nyumba hii akawafanyia jambo lake bila kumwambia mwenye nyumba. Akiwachukua kimya kimya, hata ndugu zake mwenyewe watamsema.

Basi akaniomba, na hakuniomba tukiwa chumbani. Aliniita langoni mwa zizi, kaka yake mkubwa akiwa amesimama pale na fimbo, tayari kuwaswaga wale mitamba kwenda Sirari.

"Hawa ni wa nyumba yako," akasema. "Nikiwabadilisha na gari, gari litakuwa la nyumba yako. Unakubali?"

Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Kisha nikakubali, kwa sababu nilimpenda, na kwa sababu sijawahi kumwona mtu mzima akitaka kitu namna ile. Kaka yake alitikisa kichwa, akafungua lango.

Wiki ya kwanza tumbo la gari liligonga kila jiwe la wilaya hii. Mume wangu hakushindwa. Alitoa springi zake akaweka za pikapu, na gari la mbio likasimama juu ya miguu mirefu kama ndama aliyezaliwa asubuhi. Watu walicheka mpaka wakachoka. Yeye akaendelea kwenda minadani nalo, na siku moja alirudi na ndama kweli, kamkalisha kiti cha mbele, kamfunga mkanda. Mimi alinifundisha kuendesha kwenye uwanja wa mpira. Nilipoangusha goli, alisema goli lenyewe lilikuwa limekaa vibaya.

Alikufa kwa ugonjwa, si kwa gari, ingawa kuna watu walisikitika kwamba hawakupata kusema, "Tulimwambia." Matanga yalipokwisha, gari likabaki bandani. Kaka yake, shemeji yangu, akaja na neno lake.

"Shemeji, chuma hiki kiuzwe. Kuna mtu wa Sirari atakikata auze spea."

"Hakiuzwi."

"Ng'ombe asiyezaa wala asiyekamuliwa anapelekwa mnadani."

"Hata wewe hukamuliwi, shemeji, na hakuna aliyekupeleka."

Alicheka kidogo, maana shemeji ni mtani, lakini macho yake hayakucheka. Nilijua hesabu yake. Nyumba isiyo na mtoto wa kiume watu huiona kama shamba lisilo na uzio, kila mpita njia anaona anaweza kujimegea kona yake. Anayeanza kwa kuuza gari lako humalizia kwenye kiwanja chako. Kwa hiyo nilimwita fundi kutoka Nyamisangura. Alifungua boneti, kuku wawili wakatoka wakilalamika.

"Mama, panya wamekula waya," akasema. "Gasketi imeungua na klachi imekwisha. Lakini injini yenyewe bado nzima."

"Litatembea?"

"Litatembea. Ila spea zake ni za kuagiza, na zinakuja kwa kujivuta."

Nikamwambia aanze. Kila mavuno ya maharage yakawa na kipande chake cha gari. Huku nje nikawa kichekesho. Mama mmoja wa kwaya aliniuliza mbele ya wenzake, mjane anatengeneza gari la mbio, anakimbilia wapi? Nilimjibu kwamba sikimbilii popote, ila wao ndio wamekaa njiani. Sikuwa na haja ya kumweleza kwamba kiti cha dereva bado kilikuwa na bonde alilolichimba mume wangu kwa kukaa, na kwamba nilitaka niingie kanisani nalo siku ya Pasaka, nipige honi, wageuke wote.

Gari lilikuwa limebakiza klachi tu pale binti yangu alipotokea uani kwangu, kifurushi kichwani, mkono wa kulia umefungwa kwa kanga shingoni. Alikuwa ameolewa upande wa Nyanungu. Sikumuuliza nani aliyemvunja. Alikaa kwenye kizingiti cha jiko akasema, "Mama, sirudi." Nikamwambia harudi. Tukaenda hospitali, mfupa ukafungwa plasta, tukarudi tukala ugali, nikimmegea.

Wakwe zake hawakuchelewa kutuma watu, na shemeji akaitisha kikao cha ukoo pale pale uani kwangu. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayesoma matangazo.

"Mtoto ameumizwa, tunampa pole. Lakini binti harudi kwao wakati ng'ombe wa watu wameshaliwa. Ama arudi kwa mume wake tumwonye yule kijana, ama mahari irudishwe. Na mahari haipo."

"Ipo," nikasema. "Iko bandani."

Kikao kizima kikageuka kuangalia banda.

"Nitaliuza gari," nikaendelea. "Ng'ombe walitoka likaja gari. Gari litatoka waje ng'ombe. Waende kwao, na mtoto abaki kwangu."

Hapo ndipo nilipoona maajabu. Mdomo ule ule ulioniambia chuma kikatwe spea ukafunguka ukasema, "Gari la marehemu haliuzwi. Ni kumbukumbu ya ndugu yangu. Litengenezwe, libaki la ukoo."

Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawa moto. Kumbe gari lilikuwa takataka lilipokuwa langu, likawa kumbukumbu lilipotaka kumwokoa mtoto wangu! Nilisimama. Mwanamke hasimami ovyo kwenye kikao kile, lakini ua ulikuwa wangu na viti vilikuwa vyangu.

"Shemeji, siku ile langoni nani alikuwa na fimbo?"

Akaitazama fimbo iliyokuwa mkononi mwake.

"Nani alifungua lango?"

"Mimi."

"Basi waambie wenzako mdogo wako alisema nini."

Angeweza kudanganya. Mimi na yeye ndio tuliobaki hai katika watu watatu wa siku ile, na neno la mwanaume mkubwa mbele ya ukoo lingelizima la kwangu. Lakini yeye mwenyewe aliwahi kuwashika ndugu zake wa mama mwingine kwa sheria hiyo hiyo, walipotaka kugusa ng'ombe wa nyumba ya mama yake, na wazee waliokaa pale wote walimkumbuka siku ile alivyopiga kelele. Alikwaruza ardhi kwa fimbo.

"Alisema gari ni la nyumba yake," akasema. Na kwa hilo nampa heshima yake. Kisha akainua uso. "Lakini ukiuza, nyumba yako itabaki tupu."

"Tupu vipi? Mtoto wangu si yule jikoni?"

Wakaondoka mmoja mmoja.

Nisidanganye, iliniuma. Kesho yake niliingia ndani ya gari mchana kweupe, nikafunga vioo, nikalia, kuku wakinitazama kutoka kwenye boneti. Nilikuwa nimelipigania gari lile na watu wote hawa, na sasa nilikuwa nalipigania ili liondoke. Nilimwambia mume wangu kwa sauti kwamba asininunie, kwamba mitamba walikuwa wa binti yake kabla hawajawa wa tamaa yake. Nilipotoka nilinawa uso, nikamwendea fundi kumhimiza klachi.

Kwa mtu wa Sirari sikwenda. Sikulitengeneza likakatwe. Fundi alimjua mzee mmoja Mwislamu wa Mugumu, seremala mwenye karakana kubwa na ng'ombe wa kutosha, anayependa magari ya namna ile kuliko anavyopenda kulala. Nikaliendesha mwenyewe, binti yangu kando yangu na plasta yake mapajani. Tulipita Nyamongo watu wakitupungia, tukavuka daraja la Mto Mara, na kwenye tambarare nikalikanyaga. Lilinguruma mpaka binti yangu akapiga kelele, halafu akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu arudi. Nikakanyaga tena.

Tulimkuta yule mzee kibarazani pa karakana yake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Nilidhani litaletwa na kijana."

"Limeletwa na mwenyewe."

Alilizunguka polepole, akainama chini, akaguna. "Nani amelipandisha hivi?"

"Mume wangu."

"Nitalishusha. Gari hili lilizaliwa chini."

"Lako sasa, mzee, fanya utakavyo," nikasema. "Ila usilishushe mpaka nimeondoka."

Alinitazama, akavua kofia yake, akaivaa tena. Kisha akanipeleka zizini nichague mitamba mwenyewe, na sikuchagua kwa haya.

Walipelekwa Nyanungu kwa lori, nami nilikuwepo walipoteremshwa. Nilimtaka shemeji aje, akaja, maana bila mwanaume wa ukoo wetu wangesema hawajarudishiwa. Baba wa yule kijana akawakagua mmoja mmoja, akashika masikio, akafungua midomo. Akafika kwa mmoja akasita.

"Huyu jicho lake silipendi."

"Na mimi mkono wa binti yangu siupendi," nikasema. "Tukianza kurudishiana vilema, baba, tutalala hapa."

Nilisubiri shemeji anitulize. Hakunituliza. Aliangalia pembeni, akasema kwa Kikurya kitu ambacho kwa Kiswahili ni kama, "Fungua lango, mzee." Lango likafunguliwa, mitamba wakaingia, na mtoto wangu akawa hadaiwi na mtu.

Sokoni wanasema mimi ni mbishi. Walisema niuze nikatengeneza, waliposema nitengeneze nikauza. Waseme. Pasaka nilikwenda kanisani kwa miguu, na yule mama wa kwaya alinitafutia nafasi kwenye benchi.

Juzi shemeji alipita kunisalimia, akakaa, akanywa uji. Akatazama uani, pale gari lilipokuwa.

"Haya, shemeji. Gari huna. Ng'ombe huna. Umebaki na nini?"

Nilimwonyesha lile banda la gari kwa kidevu. Binti yangu alikuwa ndani, kwenye cherehani lake, anazungusha kitambaa cha mteja chini ya sindano kwa mikono yote miwili.