Mwalimu Haifuati

Wanafunzi wake wanamwita Mwalimu Haifuati, anajua, na wala hajali. Ndilo neno analowaandikia kwa wino mwekundu kwenye madaftari mpaka kalamu inakauka: haifuati, haifuati, haifuati. Anafundisha hesabu watoto wa umri ule wa kuota chunusi na ubishi kwa pamoja. Mimi ni mdogo wake. Ni fundi cherehani, duka langu liko chini kabisa ya jengo tunaloishi, na hasira zangu zinajulikana mpaka ghorofa ya juu. Kwa hiyo nikisimulia kwa ukali, mnivumilie.

Jambo la kwanza mjue: dada yangu ni mwoga. Tena woga wa kupindukia. Tulipokuwa wadogo, baba akichelewa kutoka kazini, dada alikuwa anakaa nyuma ya mlango, anasikiliza viatu vya watu kwenye ngazi huku anatetemeka, ananiambia, "Baba amekufa." Kila jioni baba amekufa! Na kila jioni baba anaingia, anavua viatu, anauliza kama kuna chakula.

Halafu shuleni wakafundishwa somo la ikiwa na basi. Siku hiyo alirudi nyumbani mbio, hata begi hakuvua. "Sikiliza," aliniambia. "Ikiwa baba amekufa, basi atachelewa. Hiyo ni kweli. Lakini ikiwa amechelewa, haifuati kwamba amekufa. Huruhusiwi kugeuza!" Nilimwona amerukwa na akili. Lakini jioni ile baba alichelewa, na dada alikula akashiba. Wengine husomea hesabu kwa sababu wana kichwa chepesi. Yeye aliisomea kwa sababu ya woga.

Nyumbani alituchosha nayo. Mama akisema, "Dalili ya mvua ni mawingu, anueni nguo," dada anadakia, "Mvua ikinyesha mawingu yapo, mama. Lakini mawingu yakiwepo, mvua hailazimiki." Mama anamjibu, "Sawa, Mwalimu. Zako ziache kambani." Tunacheka mpaka machozi. Na kweli mara nyingine mvua hainyeshi, anatamba wiki nzima.

Sasa mama macho yamemwisha. Anaona vivuli tu, na mwanga wa dirishani. Tunakaa ghorofa ya tano, watatu sisi, na lifti yetu ni ya zamani: kila ghorofa ina mlango wa chuma mzito wa kuvuta kwa mkono, na ndani hakuna mlango mwingine. Lifti ikiwa imefika, kufuli lake linaachia na mlango unafunguka. Ikiwa haijafika, mlango unagoma. Taa ya ukumbini iliungua siku nyingi. Msimamizi wa jengo ukimuuliza anasema kesho, na kesho yake haijawahi kufika.

Kila asubuhi mama anashuka dukani kwangu kunishonea vifungo. Anavishona kwa vidole, na havitoki hata uvivute kwa meno. Macho yalipoanza kumwacha, ni dada aliyemfundisha kutumia lifti peke yake. Nilikuwepo. "Vuta mpini, mama. Mlango ukigoma, lifti haipo, subiri. Ukifunguka, lifti imefika, ingia." Mama alirudia maneno hayo kama mtoto wa darasa la kwanza, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka dada akampigia makofi. Sote tukaona tumemaliza kazi.

Kinyozi hajinyoi.

Ya darasani siku ile alinisimulia baadaye. Alikuwa ndiyo anaanza somo lake analolipenda, akataka mifano kutoka nyumbani. Akanyoosha mkono binti mmoja anayekaa ghorofa ya tatu kwenye jengo letu. "Ikiwa lifti imefika, basi mlango unafunguka." Dada akaandika ubaoni. Akawauliza, "Kwa hiyo mlango ukigoma?" Darasa zima: "Lifti haijafika!" Sahihi. "Haya, sasa tugeuze. Ikiwa mlango unafunguka, basi lifti imefika. Ni kweli?" Darasa zima likasema kweli. Yule binti peke yake akatikisa kichwa.

"Si kweli, Mwalimu. Leo asubuhi kwetu ulifunguka, na lifti haikuwepo. Kulikuwa na giza tu. Baba alinidaka mkono. Anasema kufuli zimekufa, za ghorofa za juu na za chini."

Dada anasema aligeuka kutazama ubao, akaona mwandiko wake mwenyewe, na akasikia sauti yake mwenyewe inamwambia mama: ukifunguka, ingia.

Simu yangu ikaita nikiwa nimeinamia suruali ya mteja. "Mama ameshuka?" Hakuna salamu. Dada yangu anayesalimia mpaka paka!

"Bado. Kwani vipi?"

"Mzuie! Asiguse mlango wa lifti! Panda sasa hivi!" Nikamsikia anahema, anakimbia, na nyuma yake watoto wanapiga kelele.

Sikuuliza tena. Nilitupa suruali, nikatoka. Mama huwa ananikuta kabla sijafungua redio, na redio ilikuwa imeshaimba muda mrefu. Pale chini lifti ilikuwa imetulia, mwanga wake ukionekana kwenye upenyo wa mlango uliofungwa. Nikaelewa: kama lifti iko chini, basi juu hakuna kitu. Nilipanda nikishika ukuta, nikiita mama, mama, na majirani wakifungua milango kunishangaa.

Ghorofa ya tano, mlango wa lifti ulikuwa wazi. Si wazi sana. Nafasi ya mtu kupita ubavu. Upepo wa baridi wenye harufu ya grisi ulikuwa unatoka ndani. Nililala kifudifudi nikachungulia na tochi ya simu. Mwanga uliishia ghorofa moja chini, baada ya hapo ni nyaya na weusi. "Mama!" Sauti ikanirudia mwenyewe.

Nikapiga simu yake.

Ikaita mle shimoni. Mbali, chini kabisa, ule mlio wake wa kengele ambao nilimchagulia mimi ili asiipoteze simu. Ikaita mpaka ikakatika. Mungu wangu. Sijui nilipiga ukelele gani, maana hata leo jirani wa pembeni hapendi kuuzungumzia.

Dada alifika amevaa kiatu kimoja, chaki mpaka kwenye nyusi. Aliona mlango, akaniona mimi chini. "Simu yake iko huko," nikamwambia. Akapiga na yeye. Ikaita. Akateleza ukutani mpaka sakafuni, akasema kwa sauti ile ile ya utotoni, ya nyuma ya mlango:

"Mama amekufa."

Nikaamini. Kwa nini nisiamini? Ndiye msomi wetu. Nikajipigapiga kifua nikalia. Jirani mmoja akakimbia kumwita msimamizi, mwingine akatuletea maji ambayo hakuna aliyeyanywa. Chini kule watu walikuwa wanagonga chuma wapate njia ya kuingia shimoni, na kila kikigongwa nilikuwa nawaza watakachokiona wakifika juu ya paa la lifti. Nilikuwa namwomba Mungu wafike, na nilikuwa namwomba wasifike.

Kumbe dada ananong'ona. Nikadhani ni dua. Nikasogea. "Ikiwa mama ameanguka," anasema, "basi simu yake iko chini." Anakunja kidole kimoja. "Simu yake iko chini." Anaanza upya.

Wallahi nilitaka kumzaba kofi. "Unafundisha hapa? Mama yuko shimoni, wewe unafundisha?"

Akanikamata mkono, kucha zikaniingia. "Haifuati," akasema.

"Nini?"

"Haifuati! Haifuati, mdogo wangu! Nimegeuza! Umejaribu mlango wa nyumbani?"

Sikuwa nimejaribu. Mlango wetu upo hatua chache kutoka pale, na nilikuwa nimeupita kama si wetu. Dada alitambaa, simkejeli, alitambaa kweli, akashika kitasa. Umefungwa. Na mama akishuka dukani huwa hafungi; hufunga akiwa ndani tu. Nilitafuta funguo mfukoni, zikaanguka, nikaziokota, zikaanguka tena. Tulipoingia nyumba ilikuwa kimya, kikombe chake cha asubuhi mezani. Jikoni hayupo. Sebuleni hayupo. Dada ananifuata nyuma anasema haifuati, haifuati, lakini sasa sauti imeanza kumpungua.

Tulimkuta chumbani, sakafuni, kati ya kitanda na ukuta. Amejifunika blanketi gubigubi na amekumbatia mguu wa kitanda. Alikuwa anatetemeka hivi kwamba kitanda kilikuwa kinagonga ukuta. Tulimwita hakuitika. Ilibidi nimbandue vidole kimoja kimoja.

Msimamizi alipokuja nilimpa yake, na siyarudii hapa kwa sababu kuna watoto wanaosoma. Mlango ule ukafungwa kwa mnyororo siku hiyo hiyo. Kesho yake ilifika haraka safari hii.

Kilichomwokoa mama ni uzito wa mlango. Kwa kuwa kuufungua wote kunataka mikono miwili, huwa anauvuta kidogo, kisha anainama anautanguliza mfuko wake ndani ya lifti, wenye simu na vifungo, ndipo anashika mlango na kuingia. Siku ile aliweka mfuko, akasubiri asikie unagusa sakafu. Hakusikia. Akaja kusikia baadaye sana, chini. Akarudi kinyumenyume kwa magoti mpaka ndani, akajifungia.

Hayo alitueleza alipoweza kushika glasi, meno yakigonga ukingo wake. Dada alikuwa amepiga magoti mbele yake, bado na kiatu kimoja. Mama akanyoosha mkono, akapapasa mpaka akampata uso, akaupangusa chaki.

"Usilie, mwanangu. Mimi sikufanya uzembe," akasema. "Nilivuta mpini, mlango ukafunguka. Nikajua lifti imefika. Nilifuata vile vile ulivyonifundisha, sikuruka hata neno." Akamwelekezea yale macho yasiyoona, kama mtoto aliyepeleka daftari mbele anangoja kusahihishiwa. "Au kuna mahali nilikosea, Mwalimu?"

Dada alifungua mdomo, na lile neno lake halikutoka. Aliishika miguu ya mama, yote miwili, akaiweka mapajani kwake, na hakuiachia mpaka jioni.