Roza Yenye Ilishiba

Tarehe kumi na mbili, mwezi wa sita. Baridi asubui, kisha upepo na vumbi nyekundu mpaka saa kumi.

Leo nimerudi ku misa nikiwa nimechoka, miguu na roho. Ilikuwa sikukuu ya Sakramenti, na batoto banamuke balikuwa banatupa mbele ya padri vipande ya karatasi nyekundu. Zamani, rafiki yangu, ilikuwa maua ya roza ya kweli. Sijui kama nitaeleza muzuri. Masomo yangu ni miaka ine tu, kwa masera, batawa banamuke.

Wakati ule muji huu ulikuwa bado unaitwa Élisabethville, na sisi tuliikala ku cité, mutaa ya bantu beusi. Baba alikuwa anatunza bustani ya Madame mumoja kule kwa bazungu, na siku moja alimuletea mama katawi ka roza. Mama akakapanda mbele ya mulango. Chakula yake ilikuwa mu pipa nyuma ya nyumba: mayani ya maharagi, maganda ya ndizi, mayani ya kupalia, yote inaoza mu mayi juma mbili. Ukifungua kifuniko, harufu inakupiga ku pua. Baba alikuwa anapima: kikombe kimoja ya pipa, ndoo muzima ya mayi safi, siku ya posho tu, ndiyo samedi, mara moja kwa juma. "Muti hauna mudomo ya kukataa," alisema.

Mwaka ule masera mwenye kutufundisha alitangaza: mutoto mwenye kutupa maua ku prosesyon, maandamano ya Sakramenti, alete roza ya kwabo, kitunga kimoja. Nilitaka ile kitunga kuliko kitu yote. Basi kila asubui, mbele ya kwenda masomo, nikamwangia roza mayi ya pipa makopo mbili, bila kuchanganya. Ikanenepa! Mayani yakawa meusi, matawi yakapita dirisha. Bantu benye kupita balisifu. Lakini maua, hata moja.

Siku mbili mbele ya sikukuu mama akasimama pale, mikono ku kiuno. "Nani ameniharibia roza?"

Nikasema: "Ni mama wa hapa pembeni. Nilimuona anamwanga mayi ya sabuni."

Sikuona kitu. Ni vile tu alikuwa anafula nguo karibu na lupango yetu, uwanja ya nyumba.

Jirani, mama wa Kasai, akatoka na mikono ya povu. "Miye? Sabuni yenyewe ninaikata na uzi juu isiishe, halafu niende kuimwanga ku maua yako? Mama, uko na akili?"

"Mutoto wangu hasemi bongo, hajui kudanganya."

"Basi ni roza yako inasema bongo. Angalia vile imenona! Sabuni inanonesha?"

Bantu bakacheka. Alikuwa na haki. Lakini kicheko kilizidisha hasira ya mama, na akasema juu ya bantu ba kwabo maneno yenye sitaandika. Tangu siku ile, hakuna tena kuombana moto.

Magaribi baba akaingiza kidole mu bulongo chini ya roza, akanusa, akaniangalia. Alijua, ninaamini, pengine ninamusingizia. Alisema tu, "Roza ikishiba haizai," akaenda kunawa. Alikuwa ametumika tangu alfajiri; sitaki kumuhukumu.

Ku prosesyon nilitembea nyuma, mikono mitupu. Nikaacha kulisha roza. Mwezi wa nane bwana ya jirani akatumwa kazi Kambove, muji ingine. Yule mama alipita na mizigo ku kichwa, akasema, "Mubakie muzuri." Mama akaingia mu nyumba. Juma yenye ilifuata, roza ikafungua maua tele, nyekundu sana.

Mama akakata moja, akainusa. "Munaona? Ameenda, na roza inazaa."

Baba aliendelea kula. Mimi pia.

Sasa nyumba ile imebomolewa, na pale pa mulango iko duka ya simu. Bantu ba Kambove nimebauliza mara mbili juu ya yule mama. Hakuna mwenye kumukumbuka. Mama yangu alikufa akiamini ile bongo yangu. Nilikaa pembeni ya kitanda yake siku tatu, na alikuwa anasikia muzuri mpaka mwisho.

Tumekula bukari na ndakala, ugali na samaki ndogo ya kukauka. Yangu nimeacha nusu.