Shati la Baba

Majirani walimwita binti huyo Daktari wa Vifungo, na jina likamganda. Kosa lilikuwa lake mwenyewe: walipomuuliza anasomea nini chuo kikuu, alijibu kwamba anajifunza kuwarudisha wagonjwa kwenye shughuli zao za kila siku, kuoga, kula, kufunga vifungo. "Miaka minne kwa ajili ya vifungo!" Shangazi yake alicheka mpaka akashika mbavu.

Yeye hakucheka. Baba yake alikuwa amepooza upande wa kulia, mama alishatangulia mbele ya haki, na nyumbani walibaki wawili tu. Sasa mwaka wa mwisho ulidai miezi sita ya mafunzo katika hospitali ya mbali. Asipokwenda, chuo ndiyo basi tena. Shangazi alikubali kuleta chakula, si zaidi.

"Kumvisha kaka yangu siwezi, ni aibu," alisema. "Siku akijivisha mwenyewe, nenda mwanangu, Mungu akutangulie."

Basi kila asubuhi akamfundisha: mkono mgonjwa uingie kwanza, mzima baadaye, vifungo vianzie chini. Kazi hiyo ina kanuni moja chungu: mwache mgonjwa ahangaike, usimsaidie. Akawa anaikalia mikono yake ili isimponyoke. Wiki ya tisa ikafika, na baba bado anaishia kifungo cha pili.

"Mkono umekataa, mwanangu."

Siku ya mwisho ya kutoa jibu chuoni kama angekwenda, alirudi mapema kutoka dukani. Mlango wa chumba cha baba ulikuwa wazi kidogo. Mzee alikuwa mbele ya kioo, shati limefungwa mpaka shingoni, limekaa sawasawa. Alijitazama kidogo. Kisha, kwa mkono wa kushoto, bila haraka, akaanza kuvifungua vifungo. Akabakiza viwili.

Damu ilimchemka binti. Akasukuma mlango.

"Baba, nimekuona."

Mzee akaketi kitandani. "Nikijua kuvaa, utaondoka."

"Miezi sita tu, baba!"

"Mama yako alikwenda hospitali kwa siku mbili."

Simu ikaita mfukoni mwa binti. Alikuwa mhadhiri wake.

"Vipi, mzee anajimudu sasa?"

Alimtazama baba yake, aliyeinamisha uso kama mtuhumiwa. Alimchukia, akampenda, yote mawili kwa pamoja.

"Bado, mwalimu," akasema. "Nafasi mpe mwingine."