Namba Tasa ya Mwalimu Rula

Mama Jedwali alizoea kuwa ndiye mwenye hesabu nyumbani kwake. Alifundisha darasa la nne, na jina hilo alibandikwa na wanafunzi kwa jinsi alivyowaimbisha majedwali ya kuzidisha mpaka sauti zikawakauka. Binti yake wa pekee alijifunza kugawanya jikoni, wakimenya vitunguu, kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Sasa binti alikuwa sekondari, na mdomoni halimtoki neno ila jina la Mwalimu Rula, mwalimu mpya wa hesabu, mwanamke mrefu, mwembamba. Rula kasema hivi, Rula anaandika vile. Mama alisikia, akaendelea kumenya vitunguu.

Jioni moja binti aliingia mbio, begi mgongoni, akachukua chaki na kuandika kwenye mlango wa kabati: 73939133.

"Mama, hii ni namba tasa! Haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Halafu ikate mkia, ondoa ile tatu ya mwisho. Inayobaki, tasa! Kata tena, tasa! Mpaka ibaki saba peke yake. Na hakuna kubwa kuliko hii yenye tabia hiyo. Rula katuonyesha!"

Mama aliitazama namba ile. Ilikuwa nzuri kweli, na hapo ndipo palipomuuma. Miaka yote ya vitunguu na majedwali, hakuwahi kumletea mwanawe kitu kama hiki.

"Mbona inagawanyika kwa kumi na tatu," alisema, akigeukia sufuria. "Mwambie huyo Rula wako arudie hesabu zake. Mtu mwenyewe hana mtoto, ataachaje kushinda na vitu tasa?"

Binti aligawanya pale pale mlangoni, tarakimu kwa tarakimu.

"Inabaki nane, mama."

"Basi nimekosea."

"Wewe, ukosee kumi na tatu?" Binti aliweka chaki chini. "Na lile neno jingine, nalo umekosea?"

Mama alijaribu kucheka, kicheko kikagoma. Alizima jiko, akavuta kigoda, akakaa.

"Lile ndilo baya zaidi," alisema. "Ni wivu, mwanangu. Zamani ulikuwa unakuja kwangu."

"Kwani sasa nimekuja kwa nani? Hata begi sijavua."

Kisha mama, macho yakiwa bado kwenye kabati, akauliza, "Na ukiiongezea tarakimu moja mwishoni?"

"Rula kasema haiwi tasa tena. Ila hajatuonyesha kwa nini."

"Ukiweka shufwa, inakwenda kwa mbili. Tano, inakwenda kwa tano. Ukiweka moja au saba, jumlisha tarakimu zote uone: inakwenda kwa tatu."

"Zinabaki tatu na tisa!"

"Haya, wewe shika tatu, mimi nashika tisa."

Walijaribu kugawanya kwa saba, ikakataa. Kumi na moja, ikakataa. Kumi na tatu, ikakataa, na safari hii mama aligawanya kwa uaminifu. Mlango wa kabati ukawa mweupe wote, wakahamia ukutani.

"Tukipata, kesho asubuhi nampelekea Rula!" binti alisema.

Wivu ukamchoma mama tena, pale pale.

"Mpelekee," alisema. "Lakini umwambie tisa ilishikwa na mama yako."